Wizi wa Mguu

"Andika wizi," alisema mwanamume mmoja, akapiga kaunta ya polisi kwa kiganja. "Mke wangu kaiba mguu, katoroka nao. Kabati kaliangusha kifudifudi, nguo zangu zote ziko sakafuni."

Foleni nzima ikageuka. Mama mmoja aliyekuja kuripoti simu iliyopotea aliisahau simu yake. "Jamani, hata mguu? Watu wamekosa utu," alisema, na mzee mmoja kwenye benchi akajisogeza ampishe nafasi. Mwanamume hakukaa. Hasira ilikuwa imempanda.

Koplo, mwanamke asiye na haraka, akafungua daftari.

"Mguu wa upande gani?"

"Wa kushoto. Wa bandia, kuanzia chini ya goti."

"Una alama?"

"Umechubuka kisigino. Mkanda ulikatika, nikaushona mwenyewe. Skrubu nakaza mimi, soksi zake nanunua mimi, karatasi za hospitali zina sahihi yangu. Sasa niambie huo mguu ni wa nani."

"Unabana?"

Swali hilo lilimkera. "Wanasema mwanzoni hubana. Afande, nimekuja kushtaki, sikuja kutibiwa."

Waliokuwa nyuma yake wakaguna kumuunga mkono. Mtu kaibiwa mguu, bado anaulizwa mambo ya kubana.

"Uliuacha wapi?"

"Juu ya kabati. Ndipo mahali pake."

"Kila siku?"

"Kila asubuhi, kabla sijaenda kazini. Mwaka wa pili huu, haujawahi kuguswa. Leo narudi mchana, hakuna mguu, hakuna mke, hakuna chakula." Akapiga kaunta tena. "Na mwanamke yule nampa kila kitu. Hata sokoni haendi, naenda mimi."

Koplo aliandika yote, neno kwa neno, bila kuinua uso.

"Na kazini unaendaje?"

"Kwa miguu," alifoka. "Ni hapo tu, dakika kumi. Hayo nayo yanahusu nini?"

Kalamu ikasimama. Koplo akamtazama kuanzia kichwani, akateremka taratibu hadi kwenye viatu. Mzee wa kwenye benchi naye akavitazama.

"Mkeo yuko chumba hicho cha pili tangu saa tatu, anaandikisha maelezo," alisema koplo. "Naye kaja kwa miguu."