Mwaka wa Mtambo

Kiwandani kwetu kila siku ni mwaka 2031. Programu ya mtambo unaochemsha maziwa ni ya zamani, na kompyuta mpya haziwezi kuiendesha mpaka ziidanganye kwamba mwaka haujabadilika. Nayo inatusikia kwa maikrofoni za ukutani. Ikisikia jambo lolote la baada ya hapo, inazima boila, na mji mzima unakosa maziwa. Kwa hiyo simu na habari zetu tunaziacha getini. Mwanangu Tunu ana mwaka na nusu. Mle ndani hajazaliwa.

Leo nilimwacha kwa mama, homa imempanda, hata maji anakataa. Mchana mlinzi wetu, Mzee Shomvi, akaja mbio.

"Mama Tu..." Akajishika mdomo, akaitazama maikrofoni ukutani. "Zawena. Mama yako kapiga simu. Anasema paka wenu kapoa, kanywa uji."

"Paka gani, mzee? Sisi hatufugi paka."

"Yule mdogo, bwana! Mwenye vishimo mashavuni!"

Nilicheka huku machozi yakinitoka.

Jioni nilimbeba Tunu mgongoni mpaka kwetu, kwenye nyumba za kiwanda. Sijui ni nani aliyeunganisha mlango wetu na mtambo mchana huo.

"Karibu, Zawena," mlango ukasema. "Umebeba nini?"

Sikuelewa. Hapa ni nyumbani, au bado niko kazini?

"Paka," nikajibu.

Mlango ukaanza kufunguka. Mgongoni Tunu akaita, "Mama!"

Mlango ukasimama nusu.