Dua Isiyo na Jina

Sheria inataka kila dua ya nyumbani isomwe mbele ya mshauri wa nafsi, kile chombo cheupe kilichobandikwa ukutani juu ya mswala wangu. Dua inayoutuliza moyo huwashiwa taa ya kijani. Inayouhuzunisha huwashiwa nyekundu. Anayepata nyekundu tatu huhamishiwa Nyumba ya Faraja, wala harudi.

Nilikuwa nimekwisha kupata mbili, zote kwa kumtaja marehemu mume wangu, Mbwana Shekue.

Arubaini yake ilipofika, mjukuu wangu Salha aliketi kando yangu, nami nikaanza kumwombea marehemu. Nilipolikaribia jina lake, chombo kilisema kwa sauti tamu, inayonata kama asali iliyochacha:

"Bibi, jina hilo linakuumiza. Tuseme 'wapendwa wetu wote'."

"Wewe una mpendwa gani?" nilikiuliza. "Umezaliwa na nani?"

"Hasira ni hatua nzuri, Bibi. Tuvute pumzi pamoja."

Nilitamani kukitemea mate. Salha akanishika goti.

"Bibi, tafadhali. Wakikuchukua, nitabaki na nani? Babu anajua kwamba unamkusudia yeye."

"Babu yako alikuwa na jina, nawe ulilitamka kabla ya kujua kutembea."

Alilia bila sauti, maana kilio nacho hupimwa. Basi nikainua mikono, nikawaombea wapendwa wetu wote. Taa ikawaka kijani.

"Amina," kilisema chombo, kabla yetu sisi.

Nilikwenda kusukutua kinywa mara tatu, na ladha ya maneno yale haikutoka.