Upande wa Kulia

Mkwaruzo wa tatu ulikuwa mrefu kuliko miwili ya kwanza. Ulianzia mlango wa nyuma, upande wa kulia, ukaishia karibu na taa. Japhet aliuona Jumatatu asubuhi alipokwenda kuosha gari la Madam, mwajiri wake. Ndoo ikamponyoka, maji yakamlowesha viatu.

Kabla hajaiokota, Madam alikuwa ameshatoka na simu mkononi.

"Tena, Japhet?"

"Si mimi, Madam. Naapa si mimi."

"Nimewauliza Waingereza wenzangu kwenye kundi letu la madereva. Siku zote tunaulizana mambo ya matairi na bima, lakini hili limejibiwa na watu arobaini. Wote wanasema nikufukuze." Akavuta pumzi. "Nakupa wiki moja. Nikikuta mwingine, nafuta viza yako."

Japhet aliiokota ndoo kwa hasira. Miaka kumi na moja Dubai, na tangu ule mwaka wa kwanza wa ugeni hakuwahi kugusa hata ukingo wa barabara! Leseni ya hapa aliitolea jasho, mtihani mara nne. Madam alifika na leseni yake ya Uingereza akabadilishiwa dirishani kama mtu anayebadilisha viatu vilivyombana. Leo huyo ndiye wa kumwambia hajui kuendesha?

Mchana alikwenda Ras Al Khor, mtaa wa gereji, kwa Sharifu, fundi wa bodi kutoka Mombasa. Sharifu alipitisha kidole kwenye mkwaruzo, akacheka.

"Bila karatasi ya polisi siligusi gari hili, wajua sheria ya hapa. Lakini kuna kitu nakwambia bure. Aliyefanya haya kazoea usukani wa kulia. Huku aketi kushoto, lakini macho yangali kule kwao. Wageni sote ndivyo tulivyoanza. Kushoto apita sawa, kulia aparuza ukuta. Umpe muda, ataacha mwenyewe."

Damu ilimpanda Japhet kichwani. Usukani wa kulia! Si ndivyo wanavyoendesha Uingereza? Kumbe Madam mwenyewe ndiye anayelitoa gari kisirisiri, kisha lawama anamtwisha yeye. Muda wa nini? Alimwomba Sharifu kamera, ile ndogo ya kubandika nyuma ya kioo, akaifunga pale pale.

Jioni, kwenye chumba chao nyuma ya jiko, alimwaga yote mbele ya mkewe. Edna alikuwa na miezi mitano tu tangu afike kutoka Moshi, alikoacha pikapu yake na wateja wake wa maziwa ili aje kufua mashuka ya nyumba hii, wapate kuishi pamoja. Alisikiliza huku akikunja taulo za Madam.

"Yaache, baba Neema. Omba radhi yaishe."

"Niombe radhi kwa kosa gani?"

"Kwa ajili yetu. Wakikurudisha, mimi nitabaki na nani huku?"

"Unamtetea yule mama!" Japhet alipiga meza kwa kiganja. "Anataka kuniharibia maisha, na wewe unamtetea! Siombi radhi. Atanijua mimi ni nani."

Edna alilikunjua taulo alilokwisha kulikunja, akalikunja upya. Habari ya kamera Japhet hakumwambia. Mkewe alikuwa na moyo laini mno, angemwonea Madam huruma.

Jumapili asubuhi alikwenda kanisani kama kawaida. Edna naye, kama kawaida, alibaki kulinda nyumba, kwa kuwa zamu yake ya ibada ilikuwa jioni. Madam alishasema kwamba kila Jumapili yeye na mumewe, Sir, hushinda Hatta, kule milimani, kwa gari la Sir. Awadanganye hao Waingereza wenzake, Japhet aliwaza, na hasira ikamnyima hata raha ya kuimba.

Jumatatu mkwaruzo wa nne ulikuwepo. Nusura aubusu.

Aliingia chumba cha kulia chakula bila kubisha hodi. Sir alikuwa anapaka siagi kwenye mkate, Edna anamimina chai.

"Kuna kamera ndani ya gari la Madam," Japhet alisema. "Mimi sijaangalia kitu, msije mkasema nimeichezea. Nendeni mkaitoe wenyewe. Lakini tukubaliane kwanza. Aliyefanya hivi aondoke nyumba hii leo, awe nani awaye. Kama ni mimi, nipandisheni ndege. Kama ni mwingine, asionewe huruma, kwa sababu mimi sikuonewa."

Edna alisimamisha birika hewani.

"Leo leo?" Sir aliuliza.

"Leo leo!"

"Tumekubaliana," alisema Madam, uso umemwiva kwa hasira yake mwenyewe.

Sir aliifuata kamera. Kompyuta ikawekwa katikati ya vikombe. Tarehe ya jana, saa tatu asubuhi. Kwenye kioo cha kompyuta geti lilifunguka taratibu, gari likaanza kwenda, na ukuta wa kulia ukawa unasogea karibu, karibu zaidi. Japhet hakuutazama ukuta. Alimkazia macho Madam, akingoja aanze kubabaika.

Ndipo sauti ya mwanamke ikasikika ndani ya gari, ikinong'ona kwa Kiswahili.

"Ee Bwana, leo nipitishe salama. Nisilikwaruze tena."

"Nani huyo?" Madam aliuliza. "Japhet, anasema nini?"

Nyuma ya Japhet, Edna aliliweka birika mezani, akaanza kufungua aproni.