Mgombea wa Gari Dogo

"Sukumeni kwa pamoja, si kwa zamu!" Mwalimu Onyancha alifoka, bega lake likiwa limekita nyuma ya gari dogo lililozimika tena katikati ya mlima wa Birongo. Matope yalikuwa yamemrukia hadi kwenye tai.

Wakulima wa chai waliosukuma pamoja naye waliangua kicheko.

"Mwalimu," Bonareri akauliza, kikapu cha majani kikiwa mgongoni, "hili ni gari la kubeba au la kubebwa?"

"Ni gari la mtu ambaye hajaiba, mama. Ndiyo maana ni kuukuu."

Bonareri hakucheka tena. Mkurugenzi aliyeondoka alikuwa amekula bonasi za wakulima, na binti wa Bonareri alikuwa bado nyumbani kwa kukosa karo, wenzake wakiwa shuleni. Kesho yake wangemchagua mkurugenzi mpya wa kiwanda cha chai.

"Unamjua vizuri huyu mgombea wako, Nyamongo?"

"Tulilala bweni moja, tukala maharagwe ya sufuria moja. Nimeliweka jina langu rehani kwa ajili yake."

Onyancha hakuwa mtu wa kuliweka jina lake rehani ovyo. Kwa muda wote aliofundisha hakuwahi kumwongezea mwanafunzi alama asiyoistahili, hata mwanawe wa kumzaa.

Honi ililia nyuma yao. Gari jipya, jeupe, refu kama ghala, liliupanda mlima bila hata kukohoa. Ndani yake alikuwamo Zachariah, mgombea wa pili, ameushika usukani kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa jirani. Gurudumu likakwaruza jiwe. Nyamongo, aliyekuwa ndani ya gari dogo akiliongoza, alifumba macho na kuuma meno.

Tazama moyo wake, Onyancha akawaza. Hata mpinzani wake anamwonea uchungu.

Kwenye kituo cha kupimia majani, Onyancha alipanda juu ya benchi.

"Yatazameni magari haya mawili! Hili dogo mmelisukuma wenyewe. Mnajua kila ugonjwa wake. Lile kubwa je? Juzi tu Zachariah alikuwa akiuza ndizi Keroka na kurudi nyumbani kwa boda boda. Ikiwa hajaingia ofisini na tayari anaendesha jumba, akishaingia ataendesha nini?"

"Ataendesha kiwanda chenyewe!" mtu akadakia, na umati ukavunjika mbavu.

Zachariah aliinua mkono. "Wazee wangu, gari hili kwa kweli nili—"

"Keti!" Onyancha akamkemea kwa sauti ile ile iliyowahi kunyamazisha madarasa. Zachariah akaketi.

Ni Nyamongo aliyesimama kumtetea. "Tafadhali, msimzomee ndugu yangu. Kila mtu na riziki yake." Wakulima wakampenda maradufu.

Kesho yake kura zilipohesabiwa, Zachariah hakupata hata za kutosha kumpunguzia aibu. Jioni hiyo boma la Nyamongo lilifurika watu. Onyancha, ambaye hakuona haya kujivunia kazi yake, alisimama langoni kuwapokea wageni.

Lile gari kubwa likaja polepole, limeoshwa likang'aa. Vijana wakaanza kuzomea. Onyancha akawanyamazisha kwa jicho tu, kisha akamkabili dereva aliyekuwa akishuka.

"Hata leo umekuja kutuonyesha ukubwa?"

"La, Mwalimu." Zachariah alivua kofia. "Nimekuja kumpongeza mwenzangu, na kulirudisha gari lake. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nikiliosha."

"Gari la nani?"

"La Mzee Nyamongo. Alilileta kutoka Nairobi akaniazima, akasema haifai mgombea azunguke kwa miguu. Hata mafuta alinijazia yeye." Akauweka ufunguo katika kiganja cha Onyancha. "Nifikishie shukrani zangu. Ule mkwaruzo nitautengeneza."

Ndani ya boma, Bonareri alikuwa akimpigia mkurugenzi mpya vigelegele. Onyancha aliugeuza ufunguo kiganjani, akalitazama tena lile gari jeupe.

"Alikupa hili," akauliza, "yeye mwenyewe?"

"Alisisitiza, Mwalimu. Mimi nilikuwa nimemwomba lile dogo."