Fomu ya Tirza

Siku hizi kila mtaa una idadi yake ya watu wazima, haizidishwi: akiingia mmoja utu uzimani, mmoja anatoka, na anayeingia ndiye anayemtaja wa kutoka. Majirani zetu waliandikisha umri wa utu uzima kuwa miaka kumi na minane. Sisi Wayahudi tulipoulizwa mtoto huwa mtu mzima lini, baba mkwe wangu, mzee Elazari, alijibu kifua mbele: msichana, kumi na miwili. Leo natamani ningemng'oa ulimi.

Binti yangu Tirza anatimiza kumi na miwili wiki hii. Jumamosi atasoma Torati mbele ya watu. Gari la kumchukua anayetoka litakuja Ijumaa, kabla Sabato haijaingia, na hakuna aliyewahi kurudi. Nilikuwa nakanda unga wa mkate wa sherehe alipoleta mezani fomu ya kumtaja wa kutoka.

"Babu ameshakula chumvi nyingi," nilimnong'oneza. "Hatakulaumu."

Moyoni mwangu mzee alikuwa ameshaondoka. Hata kiti chake nilikuwa nimempangia mgeni.

"Lakini mama, Babu ndiye atakayesimama kando yangu nikisoma. Nikikosea, nani atanisahihisha?"

Kalamu ilikuwa inatembea. Nikasoma jina langu lote, kwa mwandiko mzuri niliomfundisha mwenyewe.

"Tirza! Na sherehe nani ataiandaa?"

Alinitazama kwa upole, kama anayemweleza mtoto.

"Sabato hatupiki, mama. Gari likija Ijumaa, chakula chote utakuwa umeshakipika."