Chupa ya Shangazi

Siku hizi kila mtu huku Uingereza anaruhusiwa kwenda kwenye bwawa la maji ya asili mara moja kwa miaka kumi, akae nusu saa na arudi na chupa moja ya maji. Zamu ya Shangazi Mwanakombo ilifika akiwa hawezi kuinuka kitandani, akanituma mimi.

Bwawa lilikuwa dogo, nyuma ya shamba la ngano, lina bata wawili. Nilivua viatu nikaingiza miguu, nikasahau kujaza chupa. Filimbi ilipolia, mlinzi alinitoa kwa upole. Niliona haya kumwomba anirudishe.

Nyumbani niliijaza chupa maji ya bomba, yale yanayotengenezwa kiwandani, nikatia udongo kidogo wa uani.

Shangazi alichovya vidole, akajipaka usoni.

"Haya ndiyo maji, mwanangu! Yananuka bata."

"Bata, Shangazi?"

"Bata, wewe! Pua yako ya nini?" Akacheka mpaka akakohoa. Tangu Ramadhani sikuwa nimemsikia akicheka.

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli, lakini akanishika mkono.

"Yaliyobaki usiyamwage. Nikifa, waambie watakaoniosha wamalizie na haya. Nataka niondoke na maji yaliyolala chini ya mbingu."

"Sawa, Shangazi."

Chupa nimeiweka kabatini. Kila asubuhi ananiuliza kama ipo, namjibu ipo. Zamu yangu mwenyewe ni baada ya miaka sita. Daktari amempa Shangazi miezi miwili.