Kifuniko cha Usukani wa Nyuma

Bi Tausi aliinama ndani ya kindege, akaizungushia utepe wa kupimia fimbo ya usukani iliyo mbele ya kiti cha nyuma. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kushona makava ya makochi, lakini ngozi ni ngozi.

"Ifunike yote, abiria asipate pa kushika," alisema rubani Mbelwa. "Na ushone kwa uzi wa katani, mama. Pasifunguke tena."

Kindege kilikuwa na viti viwili tu, na kila kiti na fimbo yake. Hii ya nyuma ilikuwa imelika upande mmoja, pale kinapokaa kidole gumba.

"Nani alikuwa akiishika?"

"Mama watoto. Tumekirusha pamoja miaka kumi na tisa." Akafuta kioo kisichokuwa na vumbi. "Siku hizi mikono inamtetemeka."

"Na yeye anajua kwamba unaifunika?"

Mbelwa akaendelea kukifuta kioo kilekile.

Alipokuja kukagua kazi adhuhuri, alikuta ngozi imeikaa fimbo vizuri kama soksi. Lakini mshono ulikuwa wa bandi, ule wa kushikizia tu, na ncha ya uzi mwekundu ilining'inia nje. Ukiivuta, pote panafumuka.

"Nilisema katani."

"Nilikusikia, Kapteni. Ila mimi sishoni moja kwa moja kabla anayekalia kiti hajaja kujaribu."

Mbelwa akapanda kiti cha nyuma, asichowahi kukikalia, akaizungusha ile ncha nyekundu kwenye kidole gumba chake.